Majina yamefutwa yote na bado watu wamejuana: kisa cha ripoti moja ya kifo cha mzazi

Hiki kisa kinahusu faili moja la Word, kurasa chache tu, ripoti ya kikao cha mapitio ya kifo cha mama mzazi. Ilipitishwa kwenye programu ya kufuta majina, ikageuzwa PDF, ikapelekwa kwenye mafunzo ya manesi, na haikuchukua muda wilaya nzima ikawa inajua nani alikufa, nani alikuwa zamu usiku ule na nani alipigiwa simu akachelewa. Jina lake halikuwemo humo, la mume wala la mtumishi hata mmoja.

Mimi niliitwa baadaye kuangalia hilo faili lilipita wapi na wapi na palivuja wapi. Hospitali sitaitaja wala mkoa, majina yote mtakayokutana nayo humu ni ya kutunga, na kuna vitu vingine nimevibadilisha ambavyo sitawaambia ni vipi, maana nikiwaambia nitakuwa nimefanya yaleyale.

Kwa ambao hamko kwenye afya, kwa Tanzania kifo kinachotokana na uzazi kinatakiwa kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kituo kikae kikao cha mapitio ndani ya siku 7. Kikao kinaanza nyumbani kabisa, mama alianza kuumwa lini, nani aliamua aende kituoni, usafiri ulipatikanaje, alipofika alipokelewa na nani na baada ya muda gani. Wenyewe wanaziita chelewa tatu, kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika, ni mpangilio ulioandikwa na watafiti Thaddeus na Maine mwaka 1994 na mpaka leo ndo unaotumika. Kanuni kubwa ya kikao ni hakuna jina, hakuna lawama. Watu wengine wanaichukulia kama adabu tu ya kikao, kumbe ndo injini yenyewe, kwasababu nesi akihisi tu kwamba anaenda kutajwa hatasema dripu iliisha akakosa nyingine, hatasema alimpigia daktari simu ikaita mpaka ikakata, na usipoyapata hayo kikao kimebaki chai na posho. Uingereza walishaliona hili zamani, England na Wales wanafanya uchunguzi wao wa siri wa vifo vya wazazi toka 1952 na neno siri lipo kwenye jina la uchunguzi wenyewe. Hapa kwetu vifo vimeshuka, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulitoa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 na ule wa 2022 ukatoa 104. Siwezi kusema vikao ndo vimeshusha, kuna mambo mengi humo, ila kujua mama anakufa kwanini ni sehemu ya hayo mengi.

Sasa mratibu wa afya ya uzazi alikuwa na wazo zuri tu. Kwanini kesi zilizojadiliwa zikae kabatini wakati kuna manesi wapya wanaajiriwa kila mwaka? Achukue kesi kadhaa, zifutwe majina, ziwe za kufundishia. Ripoti zenyewe zilijaa majina kwasababu zimetungwa kutoka kwenye faili la mgonjwa, kitabu cha handova (cha kukabidhiana zamu) na maelezo ya ndugu, na ndugu ukimuuliza hakwambii "mtoa huduma", anakwambia sista Bahati. Kazi ikaangukia kwa kijana wa TEHAMA ambaye hajawahi kuingia leba wala kukaa kwenye kikao hata kimoja cha mapitio, akaambiwa toa majina. Akatoa majina.

Alianza na njia ambayo wengi wetu tungeanza nayo, ile ya Word, tafuta hiki weka kile, badilisha zote. Akaandika orodha ya majina pembeni na cheo cha kuwekea kila mmoja, akabonyeza. Rasimu ile ya kwanza nimeiona, bado ilikuwepo kwenye laptopu, na nilicheka kabla sijasikitika. Daktari wa zamu kwenye kesi hii tumuite Ali. Ukimwambia Word atafute Ali popote aweke DAKTARI 1, Kiswahili chote kilichopita kinaharibika, maana kila kitu mtu alichofanya jana kinaanza na ali. "Alifika" ikawa "DAKTARI 1fika", "alipelekwa" ikawa "DAKTARI 1pelekwa", na "alifariki" mnaweza kujaza wenyewe. Marehemu tumuite Asha, basi sehemu iliyosema walichelewa kuwasha jenereta ikasomeka wDAKTARI 1chelewa kuwMGONJWA jenereta. Mume ni Juma, kwahiyo kuna siku ya wiki inaitwa MUMEtatu.

Akagundua, akaweka alama ya neno zima tu na herufi kubwa izingatiwe. Ikatulia kidogo halafu ikaja shida ya pili ambayo ni mbaya zaidi kwasababu haionekani haraka. Majina yetu mengi ni maneno ya kawaida. Huyu mkunga Bahati alikuwa MKUNGA 2, na kulikuwa na kichwa kidogo cha habari kimeandikwa Bahati mbaya damu haikuwepo, B kubwa, mwanzo wa mstari, kikatoka "MKUNGA 2 mbaya damu haikuwepo". Soma tena hiyo sentensi uone imekuwa nini. Kikao kimesema damu haikuwepo, kompyuta imesema mkunga ni mbaya. Shemeji wa marehemu tumuite Tabu, na fomu ya dalili ilikuwa imeandikwa herufi kubwa zote, KUPUMUA KWA TABU, hiyo ilipona kwa bahati tu (bahati ndogo hiyo) kwasababu alama ya herufi kubwa ilikuwa imewekwa. Ukiwa na mume anaitwa Jumanne na mgonjwa aliyelazwa siku ya Jumanne hamna alama ya Word itakayokuokoa.

Upande wa pili, majina mengine yalipita salama kabisa kwasababu hayakuandikwa sawasawa. Kitabu cha handova kiliandikwa na watu tofauti usiku wamechoka, Khadija ni Hadija ni Khadja, Saidi ni Said, Zainabu ni Zainab, Abdallah ana l moja au mbili inategemea nani kashika peni. Programu ya kutafuta na kubadilisha inajua ulichoiambia tu.

Basi kijana akapanda ngazi, akashusha Presidio, hii ni programu ya bure ya Microsoft ya kutafuta na kuficha taarifa za watu kwenye maandishi. Ni kitu kizuri kwakweli na mimi naitumia. Ina sehemu ya kuchambua inayokwambia hapa naona jina, hapa naona namba ya simu, na inakupa alama kati ya 0 na 1 ya jinsi ilivyo na uhakika, halafu ina sehemu ya kuficha unayoamua iweke nini badala yake. Shida ni kwamba ukiiwasha kama ilivyo, ubongo wake wa majina ni modeli ya Kiingereza ya spaCy (programu nyingine ya bure ya kuchambua lugha), na spaCy yenyewe haina modeli yake rasmi ya Kiswahili. Modeli ya Kiingereza ukiipa "Mgonjwa alitoka damu nyingi baada ya kujifungua" inahangaika, inaona neno geni lenye herufi kubwa mwanzo inadhani ni mtu. Ripoti ikarudi imejaa MTU. MTU alitoka damu nyingi. MTU ya kwanza ilifanyika saa ngapi.

Na hapo kwenye maneno ya kitabibu ikawa burudani kabisa. Mtoto alizaliwa akiwa na [MTU] 4 dakika ya kwanza. Mama aliwekewa katheta ya [MTU]. Akapewa lita mbili za [MTU] lactate. Kwa haki kabisa kompyuta haikukosea, hao ni watu kweli, Virginia Apgar ni daktari wa Marekani aliyekileta kile kipimo cha mtoto mchanga mwaka 1952, Foley naye Mmarekani, Ringer ni Mwingereza wa karne ya 19. Lakini ukishafuta Apgar umefuta taarifa kwamba mtoto alizaliwa amechoka, na ukishafuta Ringer nesi anayesoma hajui mama alipewa maji gani, na hilo ndo lilikuwa swali mojawapo la kikao. Wakati huohuo sentensi kama "neema akamuita subira kutoka wodi ya pili", imeandikwa herufi ndogo zote kama watu tunavyoandika, ikapita bila kuguswa.

Kuna modeli zinazojua Kiswahili, hili niliseme kwasababu watu wanadhani hamna kitu. Kundi la watafiti wa Afrika linaitwa Masakhane lilitoa MasakhaNER mwaka 2021, mkusanyiko wa maandishi yaliyowekewa alama za majina ya watu, mahali, taasisi na tarehe kwa lugha 10 za Afrika, Kiswahili kimo. Ukitumia modeli iliyofundishwa humo unapata nafuu kubwa. Ila yale ni maandishi ya habari za magazetini, sentensi zimenyooka, majina yana herufi kubwa, mtu anatajwa jina la kwanza na la ukoo. Handova ya leba saa tisa usiku haifanani na gazeti, ni "G7P6, BP 160/110, sr subira kamwita dr hajaja", yaani mimba ya saba, amezaa mara sita, presha 160/110, sista Subira kamwita daktari hajaja. Kwahiyo nafuu ndiyo, uhakika hapana.

Kijana hakuijua hiyo modeli, akafanya kinachofanywa na mtu mwenye akili aliyebanwa na muda, akapitia mwenyewe kwa macho, akarudisha Apgar na Ringer, akafuta majina yaliyobaki. Aliposhindwa kujua MTU_6 na MTU_14 ni mtu mmoja au wawili aliacha hivyohivyo. Hapa kuna hasara watu hawaihesabu. Programu ilikuwa inatoa namba mpya kila ikikutana na jina limeandikwa tofauti, kwahiyo Khadija aliyepokea mgonjwa ni MTU_6, Hadija aliyempima presha saa moja baadaye ni MTU_9, na Khadja aliyekabidhi zamu ni MTU_14. Kwenye ripoti iliyosafishwa wanaonekana manesi watatu wanapokezana mgonjwa, wakati kwenye ukweli ni nesi mmoja peke yake, usiku mzima, wodi nzima. Fundisho kubwa la kesi ile lilikuwa hilo hasa, upungufu wa watumishi usiku, na likafutwa na namba tatu.

Ila kilichovuja hakikutokana na hayo. Majina mwishowe yaliisha kweli. Kilichovuja ni hiki hapa, nimekitengeneza upya kisifanane na cha kwenyewe lakini umbo lake ni lilelile:

"MGONJWA, miaka 41, mimba ya 7, mke wa mwalimu mkuu, alifika saa nane usiku siku Mwenge ulipolala hapa wilayani. Aliletwa na bodaboda baada ya ambulensi kukutwa gereji. Alikuwa ameanzia kwa mama baraka pale mnadani. Mtoa dawa za usingizi alipigiwa mara kadhaa, akapatikana saa kumi na moja alfajiri."

Soma kama mtu wa pale. Mwenge wa Uhuru unalala wilayani usiku mmoja kwa mwaka, kwahiyo hiyo ni tarehe kamili hata kama hakuna tarakimu, na kwa watu wa pale ni tarehe inayokumbukika kuliko tarehe. Wake wa walimu wakuu waliokufa kwa uzazi usiku ule idadi yao ni mmoja. Mama Baraka programu haikumgusa, kaandikwa kwa herufi ndogo, na "mama" na "baraka" ni maneno ya kawaida kabisa, lakini mnadani kila mtu anajua Mama Baraka ndo yule bibi wa dawa za kuongeza uchungu, na kumtaja kwa jina la mtoto ndo namna pekee anayotajwa, hata mimi nikikaa pale mwaka nisingejua jina lake la kuzaliwa. Mtoa dawa za usingizi katika kituo kile ni mmoja tu. Yaani wamemfuta jina wakaweka cheo, na cheo kinamtambulisha kuliko jina, maana Saidi wapo wengi wilayani lakini mtoa usingizi ni yeye.

Hii siyo ajabu ya kwetu peke yetu. Massachusetts kule Marekani miaka ya 90 walitoa data za matibabu za watumishi wa jimbo wakiwa wameondoa majina, gavana William Weld akawahakikishia watu faragha yao ipo salama. Mwanafunzi mmoja wa MIT, Latanya Sweeney, akanunua daftari la wapigakura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta. Cambridge nzima watu sita tu walikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya gavana, watatu wao wanaume, na kwenye namba yake ya posta akabaki peke yake. Akapata rekodi za matibabu za gavana mwenyewe. Sisi hata hatuhitaji daftari la dola 20, tuna kijiwe cha boda.

PDF ilipelekwa kwenye grupu la WhatsApp la washiriki wa mafunzo, wapite nayo kabla. Kuna mshiriki mmoja alifanya kazi kituo kile zamani, akamuuliza mwenzake aliyeko pale, hii si ya kwenu? Swali tu la kawaida. Ikatoka grupu moja kwenda jingine. Mwalimu akaja hospitali na ile PDF kwenye simu yake, hakugomba, hakutukana, alitaka tu aoneshwe huyo aliyepatikana saa kumi na moja. Mimi nikiambiwa nichague kati ya mume anayepiga kelele na mume wa namna hiyo nachagua wa kelele.

Lakini madhara makubwa yalikuja taratibu na nilipoyaona kwenye mafaili ndo nikaelewa uzito wa hii kitu. Kabla ya tukio, maelezo ya handova kwenye kituo kile yalikuwa marefu, watu wanaandika nani kapigiwa, saa ngapi, kasema nini. Baada ya tukio yakawa "mgonjwa alipokelewa, alihudumiwa, hali ilibadilika, alifariki." Kikao kilichofuata kilikaa na karatasi ya namna hiyo, sasa utajadili nini hapo, hata chelewa zenyewe huzioni. Hakuna aliyeambiwa aandike kifupi, watu wamejifunza wenyewe.

Nilipopewa faili nikaangalia na vitu vingine ambavyo havikuhusika na uvujaji ule ila vingeweza kuvuja wakati wowote. Katikati ya ripoti kulikuwa na picha ya patografu (chati ya kufuatilia uchungu) imepigwa kwa simu, na juu kwenye kona jina la mama limeandikwa kwa mkono vizuri tu, kidogo mno kwenye karatasi lakini kwenye simu unavuta kwa vidole unasoma. Programu za maandishi hazisomi picha. Kwenye PDF iliyotumwa hiyo picha ilitolewa, sio kwa sababu ya jina, faili lilikuwa zito halitumiki. Faili la Word lilikuwa na jina la mwandishi kwenye sifa zake na mabadiliko yote yamerekodiwa, ukibonyeza kuyaonesha majina yanarudi na mstari mwekundu juu yake. Word ina sehemu ya kukagua faili inayoyaondoa hayo yote kwa mara moja, haikutumika. Jedwali la nani ni MKUNGA 2 na nani ni DAKTARI 1 lilikuwa karatasi ya pili ya Excel ileile ya orodha ya washiriki, kwenye flashi ileile. Na ripoti nyingine kwenye folda hiyohiyo ilikuwa imefunikwa kwa maboksi meusi juu ya majina, ukinakili ukabandika mahali pengine maandishi yanatoka kama yalivyo. Hilo la maboksi lisiwashangaze, Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort aliyekuwa meneja wa kampeni ya Trump waliwasilisha mahakamani nyaraka zenye maboksi ya namna hiyo na waandishi wakanakili wakabandika wakasoma yote.

Kisheria sitakaa sana. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Sheria ya Ulaya inasema wazi kwamba ukibadilisha majina kwa alama za siri huku jedwali la hizo alama unalo, hizo bado ni taarifa binafsi, haujamaliza kazi, na mimi nadhani hiyo ndo namna sahihi ya kufikiri hata usipolazimishwa na sheria. Kuna daktari alinijibu kwamba mgonjwa ameshafariki, faragha ya nini. Sawa, marehemu kafariki, lakini mwalimu yupo, watoto wapo, nesi yupo, mtoa usingizi anakutana na hao watoto sokoni.

Walichokuja kufanya ni kupindua mpangilio wa kazi, na mimi nilisaidia upande wa kompyuta tu, upande mgumu waliufanya wenyewe. Kabla ya programu kuguswa mtu aliyekuwa kwenye kikao anakaa na ripoti anaandika jedwali la wahusika, kila mtu na namna zote alizoandikwa, Khadija na Hadija na Khadja na "sr kh" wanaenda kwenye namba moja. Jedwali linabaki kwenye kompyuta ya mratibu tu, haliendi popote. Ndipo Presidio inapewa hayo majina kama orodha, pamoja na orodha ya pili ya maneno isiyotakiwa kuyagusa, Apgar, Bishop (kipimo cha utayari wa mlango wa uzazi), Foley, Ringer na wenzao. Imewekewa na mipangilio ya tarakimu ya kwetu, simu zinazoanza na 06, 07 na 255, na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) yenye tarakimu 20 ambayo nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, hiyo hata ukiacha nusu umetoa kitu. Maneno kama Bahati, Neema, Tabu, Rehema, Baraka, Jumanne haibadilishi yenyewe, inayapaka rangi, mtu anaamua moja moja. Inachosha, lakini ripoti ni kurasa chache, sio maktaba.

Baada ya hapo unakuja ule upande mgumu. Miaka 41 inakuwa zaidi ya 35, mimba ya 7 inakuwa ya 5 au zaidi, na kitabibu hujapoteza chochote kwasababu hatari yenyewe inaanzia humo humo. Tarehe zinatoka zote, Mwenge ukiwemo, muda unahesabiwa kuanzia mama alipofika getini, saa 0, saa 1 na nusu, saa 3, na inabaki kuandikwa kwamba ilikuwa usiku kwasababu usiku ni sehemu ya tatizo. Mke wa mwalimu mkuu anatoka, kazi ya mume haikumuua. Mama Baraka anakuwa "alianza kwa mtoa dawa za asili", mnadani panatoka.

Mtoa usingizi aliwakalisha kikao kirefu. Ukiweka "mtumishi mmoja" msomaji wa pale bado anajua, na ukimtoa kabisa kesi haina maana. Aliyeitatua ni mkunga mmoja mtu mzima ambaye kompyuta hataki hata kuisikia, akasema andikeni timu ya oparesheni haikukamilika kwa saa tatu kwasababu kituo hakina mbadala kwa kada moja, mtumishi yuleyule yuko zamu ya kuitwa kila usiku. Ukiisoma hiyo unaona imeacha kumtafuta mtu, imemfikia mwenye mamlaka ya kuajiri. Na ni kweli zaidi kuliko ile ya mwanzo, kwasababu aliyepigiwa simu saa nane alikuwa ametoka oparesheni nyingine saa sita.

Mwisho kabisa ripoti inapewa mtu anayeishi palepale lakini hakuhusika na kesi, famasia au maabara au hata mhasibu, anaambiwa tafuta huyu ni nani, simu unayo, uliza unavyotaka ila usioneshe karatasi. Ofisi ya Kamishna wa Taarifa ya Uingereza ina kipimo kinachofanana na hiki kwenye mwongozo wao wa 2012, wanamfikiria mtu wa kawaida asiye na utaalamu ila ana nia ya kutafuta, kama ataweza kumtambua mhusika. Mimi kwa mazingira yetu naona nia sio lazima, umbea unatosha. Akimjua, ripoti inarudi.

Kuna kesi moja ilirudi kila ilipopelekwa, ya mapacha watatu. Hapakuwa na namna ya kuiandika, ukiondoa watatu kesi imekufa, ukiacha watatu mtaa mzima unajua. Mratibu alitaka ichanganywe na kesi nyingine mbili iwe kesi moja ya kutunga, daktari akakataa, anasema kesi ya kutunga watu wataifundisha kama kweli na namba zake hazitakaa sawa kitabibu. Nilikuwa upande wa daktari kwa hilo. Wakakubaliana haitoki kwa maandishi, inasimuliwa kwa mdomo na mtu aliyekuwepo kwenye kikao, chumbani, simu zikiwa nje, na kwenye folda ya mafunzo imebaki namba yake tu na mstari mmoja unaosema muulize mratibu.